Kuchukua, kutumia, kukaa, kudumu: vitenzi vya kupimia muda wa jambo

Kiingereza kina vitenzi vinne ambavyo mwanafunzi hukutana navyo mapema anapotaka kueleza urefu wa muda wa jambo: “take”, “last”, “spend” na “time”. Cha kwanza husema kazi au safari imehitaji muda gani. Cha pili husema jambo limeendelea kuwapo kwa muda gani. Cha tatu husema mtu ametoa muda wake kwa shughuli gani. Cha nne husema mtu ameshika saa na kupima. Vitabu vingi vya kujifunzia huviweka mbele ya vitenzi vinne vya Kiswahili, yaani chukua, dumu, tumia na pima muda, kisha huendelea na somo jingine.

Ulinganisho huo si wa uongo, lakini ni mwembamba. Anayeutegemea peke yake huandika Kiswahili kinachoeleweka na wakati huohuo kinachomchosha msomaji, kwa kuwa kila safari “inachukua”, kila mkutano “unadumu” na kila mtu “anatumia”. Mzungumzaji wa pwani ana njia nyingi zaidi. Mara nyingi humfanya mtu awe ndiye kiima na kuuacha muda mwishoni mwa sentensi bila kihusishi chochote, na mara nyingine hutumia kitenzi ambacho kipimo cha muda kimo ndani yake. Mifano ya makala haya imetolewa zaidi Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, mahali ambapo kwa miaka mingi muda ulipimwa kwa miguu ya wapagazi na kwa maji ya bahari kabla haujapimwa kwa saa ya ukutani.

Kiima ni nani?

Mnamo Februari 1874 msafara uliingia Bagamoyo ukiwa na mwili wa David Livingstone, aliyefariki mapema Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Miongoni mwa walioongoza msafara huo walikuwamo Abdullah Susi na James Chuma. Tangu kifo hadi mwili kufika pwani ilipita takriban miezi tisa. Mfasiri anayepewa habari hii kwa Kiingereza atakuta kitenzi “take”, na pengine hatafikiri mara mbili. Lakini Kiswahili kinampa angalau sentensi nne:

Safari iliwachukua miezi tisa.
Walitumia miezi tisa kufika pwani.
Walikaa njiani miezi tisa.
Walikwenda miezi tisa, ndipo wakafika pwani.

Sentensi ya kwanza inaiweka safari mbele. Watu wamekuwa kitu kilichotendwa. Inafaa katika muhtasari wa historia, pale ambapo mwandishi anahesabu safari kadhaa na kuzilinganisha. Ya pili inadokeza kwamba watu hao walikuwa na muda mkononi na wakaamua namna ya kuutoa, maana ambayo haiendani vizuri na watu waliobeba maiti katikati ya maradhi na vikwazo vya njiani. Ya tatu inasema walikuwa njiani, bila kudai kwamba walikuwa wakitembea kila siku. Inaruhusu siku za kuuguza wagonjwa na za kungoja. Ya nne inawaonyesha wakienda, na kiunganishi ndipo kinaubeba uzito wa kufika. Zote ni sahihi kisarufi, ila zinamtendea haki Susi na Chuma kwa viwango tofauti. Mfasiri wa habari ya namna hii akichagua ya kwanza kwa mazoea tu, amewageuza watendaji kuwa mizigo ya safari yao wenyewe.

Masimulizi ya zamani ya Waswahili kuhusu safari za bara yanaelekea zaidi upande wa sentensi ya tatu na ya nne. Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa masimulizi hayo mwaka 1901, na mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo. Katika nathari ya aina hiyo msafara huenda, hulala, hushinda, hukaa siku kadhaa na kuondoka. Muda hufuata kitenzi moja kwa moja: siku tatu, mwezi mmoja, miaka miwili. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi namna muda ulivyosimuliwa kabla ya lugha ya ofisi na magazeti atapata humo mifano mingi kuliko katika kitabu chochote cha sarufi.

Pamoja na vitenzi lipo jina mwendo, ambalo hufanya kazi ya kitenzi bila kuwa kitenzi. “Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa miezi mitatu” ni sentensi iliyokamilika, na haina anayechukua wala anayetumia. Muda hapo ni sifa ya njia yenyewe. Bila shaka miezi mitatu ni makadirio: Burton na Speke waliondoka pwani hiyo Juni 1857 na kufika Tabora Novemba, yaani zaidi ya miezi minne, ilhali wengine walikwenda upesi zaidi. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora mwaka 1912, iliigeuza miezi kuwa siku, lakini sentensi haikubadilika umbo. Leo abiria aliye kituo cha Makumbusho akiuliza habari za Bagamoyo huambiwa “ni mwendo wa saa mbili, foleni ikiwa nzuri”. Huo ndio uzuri wa mwendo: hupokea kipimo chochote.

Chukua si mgeni kamili

Wapo walimu wanaolifuta neno chukua katika insha za wanafunzi kila linapofuatwa na muda, kwa hoja kwamba ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Chukua ya Kiswahili tangu zamani ina maana pana ya kubeba na kuhimili. Mtungi huchukua maji debe moja, yaani hiyo ndiyo nafasi yake. Mwanamke huchukua mimba. Mtoto mkubwa huwachukua wazee wake kwa kuwalisha na kuwavisha. Rangi mbili zinazopatana huchukuana. Kutoka katika mtungi unaochukua maji hadi kazi inayochukua siku mbili ni hatua fupi, na mzungumzaji hakuhitaji Kiingereza ili aipige. Kilichotoka Kiingereza ni wingi wa matumizi yake na baadhi ya miundo.

Muundo wa kwanza wa kuangaliwa ni ule wa kumfanya mtu awe kiima. “Kazi hii imechukua wiki mbili” haina kasoro. “Fundi amechukua wiki mbili” inasikika mara nyingi sasa, lakini kwa sikio la mzee wa pwani fundi huyo amebeba kitu na kwenda nacho. Afadhali kusema “Fundi amekaa na nguo wiki mbili” au, ikiwa kuna lawama ndani yake, “Fundi amekawia wiki mbili”. Kitenzi cha kukaa na kitu kinaeleza vema zaidi hali ya mteja ambaye amekwisha kulipa arubuni na nguo haijaonekana.

Muundo wa pili ni ule wa kiambishi i- kisichorejea chochote, na kitenzi-jina kikija nyuma: “Ilichukua miaka minne kujenga daraja hilo.” Sentensi hiyo imeenea mno magazetini, na si sahihi kuiita kosa. Hata hivyo msomaji huisubiri i- ipate mwenyewe na hampati. Njia tatu zipo za kuikwepa: kutaja jina la shughuli (“Ujenzi wa daraja hilo ulichukua miaka minne”), kutaja watendaji (“Walilijenga daraja hilo miaka minne”), au kutaja kukamilika (“Daraja hilo lilikamilika baada ya miaka minne”). Ya mwisho ndiyo inayofaa zaidi katika taarifa, maana inasema pia kwamba daraja lilimalizika, jambo ambalo ile ya pili haisemi.

Kuhusu “kugharimu muda”, kama vile “jambo hilo lilinigharimu saa tatu”, hapana haja ya kusema mengi. Gharama ya Kiswahili ni ya mali. Mitaani watu husema “foleni imekula saa tatu”, na usemi huo, ingawa si wa barua ya ofisi, una damu zaidi.

Tumia ni ya mwenye hiari

Tumia inataka kiima kinachoweza kuchagua, au angalau kilicho na mwendo wake. Ndiyo maana imekubalika sana katika habari za michezo. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Februari 1974, alitumia dakika 3 na sekunde 32.2. Hapo tumia iko nyumbani kabisa: mkimbiaji ndiye aliyeamua kuanza kwa kasi na kuongoza tangu mwanzo, na muda huo ni wake. Chombo cha usafiri nacho huruhusiwa kutumia muda, kwa kuwa kuna anayekiendesha: treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma hutumia chini ya saa nne. Lakini “mvua ilitumia siku tatu” na “ugonjwa ulitumia wiki mbili” hazisemeki. Mvua hunyesha siku tatu. Ugonjwa humkaa mtu, au humlaza, wiki mbili.

Kinyume chake, pale ambapo Kiingereza husema mtu “amespendi” siku mahali fulani bila shughuli maalumu, tumia huwa nzito kuliko inavyohitajika. “Alitumia likizo yake Bagamoyo” inapita. “Alitumia Jumapili akizungumza na wenziwe barazani” ina harufu ya tafsiri, kana kwamba mazungumzo ya barazani yana hesabu ya mapato na matumizi. Kiswahili kina barizi, kina pumzika, kina punga upepo. Na juu ya yote kina shinda.

Vitenzi vyenye muda ndani yake

Hapa ndipo Kiingereza kinapoachwa nyuma, na ndipo mfasiri anapopoteza zaidi asipokuwa macho.

Kushinda mahali ni kukaa hapo mchana mzima. Kulala mahali ni kukaa hapo usiku, hata kama usingizi haukuja. Kukesha ni kuupitisha usiku bila kulala. Mvuvi wa Bagamoyo ambaye mkewe husema “ameshinda baharini” hahitaji kuongezewa “siku nzima”; maneno hayo yamo. “Alishinda siku nzima na njaa” si kosa, lakini neno moja lingetosha. Na mtu akisema “tulilala Saadani” amekwisha kueleza muda: usiku mmoja, kesho yake safari. Kuifasiri sentensi hiyo kwa kutaja usingizi ni kuikosa.

Nyuma ya vitenzi hivi kuna viwili vya zamani ambavyo leo watu wengi huvitamka bila kujua kwamba ni vitenzi. Kucha ni kupambazuka. Kuchwa, ambayo pia hutamkwa kutwa, ni kuzama kwa jua. Kumekucha, watu husema alfajiri. Usiku kucha basi ni usiku hadi kunapokucha, na mchana kutwa ni mchana hadi jua linapokuchwa. Keshokutwa imebeba sehemu ileile. Kitenzi chelewa nacho kimetoka katika -cha: maana yake ya asili ni kukuchiwa, yaani alfajiri imemfikia mtu kabla hajawa tayari. Asili hiyo inasaidia sana kukitenganisha na kawia, ambacho kamusi nyingi za lugha mbili hukipa tafsiri hiyohiyo.

Anayechelewa amepitwa na saa iliyowekwa. Anayekawia ametumia muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa, awe ameahidi saa au hakuahidi. Mgeni aliyealikwa saa tisa akafika saa kumi amechelewa. Mtoto aliyetumwa dukani na harudi amekawia. Jahazi lililoondoka Bagamoyo kwenda Unguja, masafa ya kilomita zaidi ya 40, likakosa upepo katikati ya safari, limekawia. Likikuta ofisi ya forodha imefungwa, limechelewa pia. Methali isemayo “Kawia ufike” haiwezi kugeuzwa “chelewa ufike” bila kuharibika, kwa sababu inasifu urefu wa mwendo na haisifu kuvunja ahadi. Kipo pia limatia, chenye maana ya kukaa mno mahali au kuahirisha. Sasa husikika zaidi kwa wazee na katika mashairi, na mwanafunzi anatosheka akikitambua.

Kukaa na kudumu

Kwa kitenzi “last” kamusi hutoa dumu, na katika maandishi rasmi jibu hilo halina ubaya: utawala ulidumu miaka thelathini, ndoa ilidumu. Dumu lakini ina uzito wa kitu kilichothibiti na kushinda kuondolewa, ndiyo maana huingia katika dua na salamu za heri. Mkutano wa kijiji wa saa mbili haukudumu. Ulikwenda saa mbili, au ulianza saa nne ukaisha saa sita. Maumivu ya kichwa ya nusu saa nayo hayakudumu. Kwa mambo madogo kaa hutosha, na kwa vyombo na vyakula ndiyo inayotakiwa: kiatu hiki hakikai, samaki wa kukaangwa hukaa kuliko wa kuchemshwa, simu hii haikai na chaji. Mfano wa mwisho ni wa siku hizi, lakini muundo wake ni wa siku zote, na mfasiri wa maelezo ya simu anayeandika “betri hudumu saa kumi” angeweza kujifunza kwa fundi wa simu wa mtaani.

Kaa ina matumizi mengine ambayo hayana mwenzake kwa Kiingereza. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Wafiwa hukaa matanga. Mzazi hukaa arobaini ndipo atoke. Katika usemi huu muda wenyewe umekuwa kitu cha kukaliwa. Anayetafsiri kwa kusema mjane “alisubiri” miezi minne na siku kumi ameingiza wazo la kungoja kitu kijacho, jambo ambalo halimo. Na anayesema eda “ilichukua” muda huo ametoa maelezo ya kalenda mahali pa maelezo ya wajibu.

Ufukweni kaa hukutana na kipimo kingine. Mwani unaolimwa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, hukaa majini takriban wiki sita ndipo uvunwe. Kazi ya shambani hufanyika maji yanapokupwa sana, wakati wa bamvua, ambayo huja mara mbili kwa mwezi wa mwandamo, karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu. Kwa hiyo wiki sita ni bamvua tatu. Kati ya bamvua na bamvua ni maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Mtafiti anayeuliza shamba “limechukua siku ngapi” atapata jibu, ila huenda jibu likawa bora zaidi akiuliza mwani una bamvua ngapi majini. Vivyo hivyo kwa mashua zilizokaa juu ya mchanga. Maji hujaa na kupwa kwa zamu za zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku zamu hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Nahodha anayesema “tunangoja maji” ameshasema muda wa kuondoka, kwa anayejua hesabu hiyo.

Saa mbili ni ngapi?

Tatizo kubwa kuliko yote halimo katika kitenzi, bali katika neno linalokifuata. Saa mbili ni muda wa dakika 120, na saa mbili ni wakati fulani wa siku, yaani saa mbili baada ya jua kuchomoza au baada ya kuzama. Sarufi ya shuleni huweka saa katika ngeli ya I-ZI, hivyo umoja na wingi havitofautiani, na sentensi “tutakutana saa mbili” haiwezi kuchanganywa na nyingine ilhali “mkutano ni saa mbili” inaweza. Wazungumzaji wengi wamejitafutia dawa kwa kusema masaa mawili wanapotaja muda na saa mbili wanapotaja wakati. Wahariri hulikata neno masaa. Wana haki ya kulinda ngeli, lakini wanapolikata wanapaswa kuweka kitu kingine mahali pake, ama sivyo wameondoa tofauti ambayo wananchi waliitengeneza kwa sababu nzuri. Muda wa saa mbili hutosha, na haugusi ngeli.

Madhara ya kutojali jambo hili huonekana wazi katika maelezo ya dawa. Dawa mseto ya malaria, ALu, hutolewa kwa siku tatu, dozi sita kwa jumla, na dozi ya pili hutakiwa kumezwa baada ya muda wa saa nane tangu ya kwanza. Mgonjwa aliyemeza dozi ya kwanza saa nne asubuhi anapaswa kumeza ya pili saa kumi na mbili jioni. Akiambiwa au akiandikiwa “ya pili saa 8”, ataimeza saa nane mchana, yaani baada ya muda wa saa nne tu, na hatakuwa amekosea kusoma. Tarakimu huongeza hatari, kwa kuwa haina mahali pa kuweka wingi wala kihusishi. Mfasiri wa karatasi ya dawa aandike “baada ya kupita muda wa saa nane”, na ikiwezekana atoe mfano wa saa yenyewe. Usemi wa bahasha za dawa, “kimoja kutwa mara tatu”, ni mzuri na umezoeleka, lakini hupanga idadi peke yake. Pale ambapo nafasi kati ya dozi na dozi ndiyo muhimu, kutwa mara tatu haitoshi. Inatakiwa “kila baada ya saa nane”.

Kwa, katika, ndani ya, baada ya

Kiingereza hutofautisha kufanya jambo “for” saa mbili na kulimaliza “in” saa mbili. Kiswahili hutumia kwa mahali pote pawili na kuiachia maana ya kitenzi kazi ya kutofautisha: “alisoma barua kwa saa mbili”, huenda hakuimaliza, “alimaliza barua kwa saa mbili”, amemaliza. Kwa hiyo usalama umo katika kuchagua kitenzi cha kukamilika, kama maliza, fika, timiza au isha, na si katika kubadili kihusishi. Ndani ya saa mbili ina maana ya kutovuka kikomo hicho, nayo inafaa katika mikataba na matangazo. Katika saa mbili haifai hata kidogo kwa jambo litakalotokea baadaye. “Nitarudi katika saa mbili” ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Husemwa “nitarudi baada ya saa mbili”, na hapa tena ni afadhali kuongeza neno muda, maana “baada ya saa mbili” huweza kusikika kama baada ya saa mbili asubuhi kupita.

Kwa kitenzi cha nne, “time”, Kiswahili hakina neno moja, wala hakilihitaji. Mwalimu wa riadha humpimia mkimbiaji muda. Mpishi huangalia saa. Msimamizi wa mtihani hushika saa. Asiye na saa hukadiria au hukisia. Kupima muda kunataka chombo. Kuhesabu muda kunataka kumbukumbu tu, ndiyo maana siku za eda huhesabiwa na mbio hupimwa.

Muda unaoendelea

Hubaki muundo mmoja ambao huwasumbua hata wafasiri wazoefu: muda ulioanza zamani na bado unaendelea. Kiingereza hutumia hali timilifu, na wanafunzi huifuata kwa kuandika “nimekuwa Bagamoyo kwa miaka mitatu” na kuuliza “umekuwa hapa kwa muda gani?” Kiswahili humilikisha muda kwa kutumia -na: “Nina miaka mitatu Bagamoyo”, “Una muda gani hapa?” Kwa jambo lisilotokea, kikanushi cha hali timilifu hufuata bila kiunganishi: “Ana wiki mbili hajaja kazini”, “Mji una siku nne haujapata maji”.

Muundo huo una umbo la pili lenye hesabu tofauti: “Nina mwaka wa tatu Bagamoyo.” Msemaji huyu hajatimiza miaka mitatu. Ametimiza miwili na yumo ndani ya wa tatu, hata kama ni mwezi wake wa kwanza. Vivyo hivyo “ana siku ya tatu haonekani” huihesabu siku ya leo, nayo bado haijaisha. Tofauti kati ya miaka mitatu na mwaka wa tatu huweza kufika karibu mwaka mzima, na katika hati ya ukaazi, ya mirathi au ya utumishi hilo si jambo dogo. Karani anayechukua maelezo ya shahidi aliyesema “ana mwaka wa tatu hajaleta matumizi” asiandike miaka mitatu. Aulize mwezi alioondoka, na auandike.